Mama Miti kabla ya miti: Wangari Maathai alivyotoka shule ya kijijini mpaka kuwa mhadhiri

Mwenzenu nilipotea kidogo, mambo ya kuhangaikia riziki, ila nimerudi na leo nina mada ndefu. Kama hapo kafe umelipia nusu saa tu, nakushauri uihifadhi kwenye flashi ukaisome kwa nafasi.

Mada yenyewe imeanzia nyumbani. Nina mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, na muda wa kuchagua masomo unakaribia. Huyu binti bailojia ndo ugonjwa wake. Kuku akichinjwa nyumbani yeye hagombanii paja, anagombania firigisi aipasue aone ndani kuna nini. Sasa wiki mbili zilizopita mjomba alikuja. Mjomba ndiye anayetushika mkono kwenye ada, kwa hiyo akiongea watu wote kimya. Akasema, "Mtoto wa kike na maabara wapi na wapi? Asome miaka yote hiyo, azeekee shuleni? Achukue masomo ya biashara, akimaliza apate kazi, basi."

Mdogo wangu hakujibu. Usiku ndo akaniuliza, "Kaka, hivi mtu anaanzia wapi mpaka anakuwa mwalimu wa chuo kikuu? Wale wanaofanya utafiti."

Jamani, nilikosa jibu. Mimi shule niliishia kidato cha nne, chuo kikuu nakijua kwa nje, pale getini. Nikamwambia anipe siku chache. Nimesoma, nimeuliza uliza, na nimeona njia nzuri ya kulielezea jambo hili ni kumfuata mtu mmoja hatua kwa hatua, tangu hajaanza shule mpaka amekuwa mhadhiri na mtafiti. Mtu huyo ni Wangari Maathai wa Kenya.

Najua mtasema, si yule Mama Miti aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004? Ndiyo, huyo huyo. Ila wengi wetu tunaijua sehemu ya miti tu. Kabla ya miti alikuwa mwanasayansi wa maabara, kazi yake ni kukata vipande vya nyama vyembamba kuliko karatasi na kuvikodolea macho kwenye hadubini. Alikaa chuo kikuu miaka 16. Na hata hiyo miti, utafiti ndo ulimpeleka huko. Tutafika, msiwe na haraka.

KWANZA TUELEWE NGAZI ZENYEWE

Kwanza kuna shahada ya kwanza. Hapa unajifunza yale ambayo watu tayari wanayajua. Ni miaka mitatu au minne, na kozi kama udaktari wa binadamu au wa mifugo zinazidi hapo. Pili kuna uzamili. Hapa unachukua kipande kimoja cha somo lako unakichimba, na mara nyingi unaandika tasnifu. Tatu kuna uzamivu, ndo hiyo PhD. Hapa mchezo unabadilika kabisa. Hutakiwi tena kueleza wengine walisema nini. Unatakiwa ulete kitu ambacho duniani hakikuwa kinajulikana, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama, halafu wataalamu wakubane kwa maswali mpaka waridhike kwamba ni kipya na ni cha kweli.

Wakati unatafuta hizo nondo, kuna na vyeo vya kazi. Unaanza kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha, unakuja mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na juu kabisa profesa kamili. Kupanda siyo kwa kukaa kazini miaka mingi tu. Wanaangalia elimu yako, ufundishaji wako, na makala ulizochapisha kwenye majarida ya kisayansi, yale ambayo makala inakaguliwa na wataalamu wengine kabla haijatoka.

Kwenye karatasi ndo hivyo. Sasa tuone kwa mtu wa kweli ilikuwaje.

SWALI LA KAKA YAKE

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, Kenya ikiwa bado koloni la Waingereza. Baba yake alipata kazi kwenye shamba la mzungu upande wa Nakuru, familia ikahamia huko. Tatizo kule shambani hakukuwa na shule. Kwa hiyo mwaka 1947 mama yake akarudi Ihithe na watoto ili wale wavulana wasome. Wangari hakuwa kwenye mpango. Yeye alikuwa wa kumsaidia mama kazi za nyumbani na shambani.

Sasa sikilizeni. Ameeleza mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, kwamba kaka yake aitwaye Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama akafikiri, akaona kweli hakuna sababu. Basi, imeisha. Wangari akaanza darasa la kwanza akiwa na miaka minane.

Mimi hapo niliacha kusoma kwanza, nikakaa kama dakika tano naangalia tu kioo cha kompyuta. Swali moja tu la kaka mtu.

Akiwa na miaka 11 alipelekwa shule ya bweni ya masista, St. Cecilia's, pale misheni ya Mathari, Nyeri. Mwaka 1956 akamaliza akiwa wa kwanza darasani, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana ya Loreto, Limuru. Huko akamaliza mwaka 1959. Kwa msichana Mwafrika wa enzi hizo aliyefika hapo, watu walitegemea mambo mawili tu: awe mwalimu wa shule au awe muuguzi. Kazi za heshima zote mbili, lakini yeye alitaka kuendelea na masomo.

NDEGE YA KWENDA MAREKANI

Hapa bahati nayo iliingia. Mwaka 1960 uhuru ulikuwa unanukia na viongozi kama Tom Mboya walikuwa wanatafuta nafasi za masomo Marekani, ili nchi ikipata uhuru iwe na watu waliosoma. Taasisi ya familia ya Kennedy ilisaidia kulipia usafiri, na Septemba mwaka huo Wangari akawa mmoja wa wanafunzi wapatao 300 waliosafirishwa. Alikuwa na miaka 20.

Akaenda chuo kidogo cha masista kilichoitwa Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Alisoma bailojia kama somo kuu, na pembeni akasoma kemia na Kijerumani. Hilo la Kijerumani likumbukeni, maana wengine tungesema "la nini hilo, halina soko". Mwaka 1964 akapata shahada ya kwanza.

Akaendelea na uzamili wa bailojia Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kwa ufadhili. Huko alichunguza tezi ndogo iitwayo pinea, iliyomo ndani ya kichwa, na alitumia ndege aina ya kware. Utauliza, tezi ya kware inamsaidia nani? Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Jibu ni kwamba pale ndo alipojifunza ufundi wa maabara, na ufundi huo ndo uliomlisha miaka yote iliyofuata.

KAZI ILIYOYEYUKA

Mwanzoni mwa 1966 akarudi Nairobi, ana uzamili na ana barua mkononi ya kuahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti kwa profesa mmoja wa zoolojia pale chuo kikuu. Wakati huo kilikuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na chetu cha Dar es Salaam. Akaenda kuripoti. Akaambiwa nafasi ameshapewa mtu mwingine.

Hebu jiweke hapo. Umevuka bahari, umesoma zaidi ya miaka mitano, barua unayo, halafu unaambiwa hivyo mlangoni. Mwenyewe aliamini alinyimwa kwa mambo mawili: kabila lake na kwamba ni mwanamke. Kwa hiyo wale wanaosema "soma tu, kazi itakufuata" wajue kwamba hata yeye haikumfuata.

Akahangaika kutafuta, mpaka akakutana na Profesa Reinhold Hofmann kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, aliyekuwa anaanzisha pale Nairobi idara mpya ya anatomia ya mifugo. Huyu alihitaji mtu anayejua kutengeneza na kusoma vipande vya hadubini. Nani anajua? Yule dada wa tezi ya kware. Akaajiriwa kama msaidizi wa utafiti. Mmeona sasa? Kware kalipa.

HUMO MAABARANI WANAFANYA NINI?

Mdogo wangu alilisubiri hili kuliko yote, kwa hiyo naeleza taratibu.

Anatomia ya kawaida unaiona kwa macho: huu moyo, hili ini. Anatomia ya hadubini inataka kuona ini limejengwaje kwa ndani, seli kwa seli. Huwezi kuweka kipande kizima cha ini chini ya hadubini, mwanga haupiti. Ni lazima ukikate chembamba sana. Na nyama mbichi ni laini, ukiikata hivyo inavurugika. Kwa hiyo kuna hatua.

Kwanza unachukua kipande kidogo na kukitia kwenye dawa kama fomalini ili kisioze. Halafu unakitoa maji kidogo kidogo kwa kukipitisha kwenye spiriti, unaanza na hafifu unamalizia na kali. Ukishatumia dawa ya kuondoa ile spiriti, unakiloweka kwenye nta iliyoyeyushwa, nta inaingia kila mahali maji yalipokuwa. Ikipoa inakuwa ngumu kama mshumaa, na nyama yako imo katikati.

Hapo sasa kuna mashine yenye wembe mkali sana, maikrotomu. Inakata vipande vyenye unene wa maikroni tano hivi. Maikroni moja ni milimita moja uliyoigawa mara elfu. Unywele wako mmoja una unene wa maikroni sabini hivi, yaani kipande hicho ni chembamba kuliko unywele mara kumi na zaidi. Vinatoka vimeungana kama utepe, unavielekeza kwenye maji ya uvuguvugu vinyooke, unavidaka na kioo. Halafu unavitia rangi, maana bila rangi huoni kitu. Rangi moja inafanya viini vya seli viwe vya zambarau, nyingine inafanya sehemu zilizobaki ziwe za waridi. Ndo unaweka kwenye hadubini.

Tangu kukata mpaka kuangalia, siku kadhaa zimekwenda. Na kipande kimoja hakitoshi, vinatakiwa mamia. Ukikosea spiriti, umeharibu. Wembe ukiwa butu, umeharibu. Kwa hiyo anayekwambia watafiti ni watu wa kukaa ofisini na kunywa chai, mwambie ajaribu wiki moja.

Wangari alifanya kazi hiyo na pia kuwafundisha wanafunzi wa udaktari wa mifugo, karibu wote wanaume, na baadhi hawakuamini kama binti yule ana cha kuwafundisha. Wakaamini walipoona anaijua kazi, na kwamba mwenye kusahihisha mitihani ni yeye.

PhD NA VYEO

Hofmann akamsukuma aende mbele. Mwaka 1967 akaenda Ujerumani kufanya utafiti wa uzamivu, katika vyuo vikuu vya Giessen na Munich. Kile Kijerumani cha Kansas sasa kikapata kazi. Mwaka 1969 akarudi Nairobi kama mhadhiri msaidizi, akafundisha huku anamalizia tasnifu. Mwaka huo huo akaolewa, na baadaye wakapata watoto watatu.

Utafiti wake ulihusu viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyokua. Nifafanue. Ndama akiwa tumboni, siku za mwanzo kabisa, kiungo chake cha uzazi ukikiangalia huwezi kujua kitakuwa ovari au korodani. Baadaye kinaanza kuchukua njia moja. Yeye alifuatilia mabadiliko hayo, jinsi kiungo kinavyokua na kujitofautisha. Hapo kile nilichosema juu ya ufundi mnakielewa: unahitaji vipande vya kila hatua, vimekatwa vizuri, uvipange kama picha za filamu uone hadithi inavyokwenda.

Mwaka 1971 akapata PhD kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kilikuwa kimeanza kujitegemea mwaka 1970. Alikuwa na miaka 31, na alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa pili. Akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Mwaka 1976 akawa mkuu wa Idara ya Anatomia ya Mifugo, na 1977 profesa mshiriki. Vyeo vyote viwili, mwanamke wa kwanza katika ukanda huu.

Lakini msidhani alipandishwa kwa maua. Wanawake waliofundisha pale walikuwa hawapati marupurupu sawa na wanaume, kwa mfano ya nyumba, kwa hoja kwamba mwanamke aliyeolewa anategemea ya mumewe. Kazi sawa, nondo sawa, malipo tofauti. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mwanabiokemia, walilipigania hilo waziwazi, na sehemu kubwa ya madai yao ilikuja kukubaliwa.

KUPE WALIOMPELEKA KWENYE MITI

Hapa ndo nilipotaka mfike.

Miaka ya sabini mwanzoni alikuwa anachunguza ugonjwa wa ng'ombe ambao kwetu wafugaji wanauita ndigana kali. Unaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, na anayekisambaza ni kupe wa kahawia anayependa kujificha masikioni mwa ng'ombe. Ili umsome kijidudu unamhitaji kupe, na kupe hapatikani ofisini. Wangari akawa anatoka kwenda vijijini, nje ya Nairobi, kukusanya kupe kwenye ng'ombe.

Akiwa huko macho yake hayakuishia masikioni mwa ng'ombe. Aliona ng'ombe wamekonda, mbavu zinahesabika. Majani hakuna. Watu nao hawana afya nzuri. Mvua ikinyesha mito inashuka ikiwa ya rangi ya udongo, yaani ardhi yenyewe ndo inasafiri. Alipokwenda kwao Nyeri akaona misitu ya asili imepisha mashamba ya chai na miti ya mbao. Akafikia mahali pa kujiuliza: huyu ng'ombe anauawa na kupe, au anauawa na ardhi iliyochoka? Akaona kwamba tishio kubwa la ufugaji siyo kupe peke yake, ni mazingira yaliyoharibiwa.

Wakati huo huo, kwenye Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, akawa anasikia wanawake wa vijijini wanalalamika: kuni mbali, maji machafu, chakula hakitoshi. Akaunganisha. Yote hayo na wale ng'ombe waliokonda ni ugonjwa mmoja. Dawa mojawapo ni miti.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, wakapanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Saba tu. Huo ndo mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, ambalo mpaka mwaka 2004 lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30. Angalieni mwaka: 1977, mwaka ule ule aliopata uprofesa mshiriki. Na namna aliyofikiri kuhusu miti ni ile ile ya maabara. Angalia kwa macho yako, usiishie kwenye dalili, tafuta kinachosababisha.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Sikumficha mdogo wangu na hili. Mwaka 1982 Wangari alitaka kugombea ubunge kwao Nyeri. Sheria ilimtaka aache kazi ya chuo kwanza, akaandika barua ya kujiuzulu. Halafu akaambiwa hawezi kugombea kwa sababu hakujiandikisha kupiga kura. Akarudi chuo kuomba kazi yake. Akaambiwa nafasi imeshajazwa. Na nyumba ya chuo akatakiwa aondoke. Miaka 16 ya kazi ikaisha hivyo, na wakati huo ndoa yake nayo ilikuwa imeshavunjika. Hana mshahara.

Alipoanza kazi pale alikuta nafasi imeshajazwa, na alipotoka aliambiwa hivyo hivyo.

Ndipo akaifanya miti kuwa kazi ya muda wote. Yaliyofuata mnayajua: kupigwa, kuwekwa ndani, bustani ya Uhuru, ubunge wa Tetu mwaka 2002, na Nobel ya Amani mwaka 2004, mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata tuzo hiyo. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Chuo Kikuu cha Nairobi leo kina taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake.

SASA MJOMBA TUMJIBU NINI?

Nilichukua daftari nikapiga hesabu. Wangari alianza darasa la kwanza na miaka 8, akapata PhD na miaka 31. Ni miaka 23. Mjomba angesema, si ndo nilichowaambia? Lakini subirini. Tangu mwaka 1966 alikuwa mwajiriwa, analipwa. Uzamivu aliufanya akiwa tayari ndani ya kazi ya chuo. Na tangu 1960 masomo yake ya ng'ambo yaliendeshwa kwa ufadhili. Watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tunadhani PhD ni kukaa darasani na kulipa ada mpaka uote mvi. Siyo hivyo. Mpaka leo wahadhiri wengi wanaanza kazi na shahada ya kwanza au ya pili yenye alama nzuri, halafu wanaendelea kusoma wakiwa kazini. Sisemi nafasi zimejaa kama embe za msimu, hapana, ni chache na zinagombewa. Nasema tu kwamba kipande ambacho mzazi anatakiwa akibebe siyo miaka 23.

La pili, ngazi haipandwi kwa akili peke yake. Kila alipopanda kuna mtu alishika ngazi: kaka aliyeuliza, mama aliyekubali, masista waliofundisha, Mboya na ndege zake, Hofmann na idara yake. Lakini pia kila mlango ulipofunguka alikuwa na kitu mkononi. Hofmann hakumwonea huruma, alimhitaji kwa sababu alijua kazi ambayo wengine pale hawakuijua. Ukiwa shule leo, jifunze kitu kimoja kwa mikono yako mpaka ukiweze. Madesa hayakati nyama kwenye maikrotomu.

La tatu, nondo hazikukingi na dhuluma. Zilimpa kazi, hazikuzuia asinyimwe. Ila walipomnyang'anya ofisi na nyumba, kile alichojua hawakukipata. Aliondoka nacho kichwani.

Juzi Jumapili nikampigia mjomba. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za huko, nzuri. Nikakohoa kidogo. Mjomba ana kijana wake, binamu yetu, yuko kidato cha tano anasoma fizikia, kemia na bailojia, na nyumba nzima inamwita daktari tangu sasa. Nikamwambia, "Mjomba, naomba kuuliza, siyo kwa ubaya. Mbona dogo asisome sayansi kama binamu?"

Kimya. Nikadhani salio limeisha.

Halafu akasema, "Alama zake za bailojia zikoje?" Nikamwambia yuko wa pili darasani. Akasema, "Haya, mwezi wa kumi na mbili nikija anionyeshe ripoti, tutaongea." Siyo ndiyo, lakini siyo ile hapana ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, akarudi zake jikoni bila kusema neno, nikasikia tu anaimba.

Sasa wadau, hasa mlioko vyuoni au mliopita huko: niwekeni sawa nilipokosea kuhusu ngazi za sasa, na kama mnajua ufadhili wa wasichana wanaosoma sayansi, mwageni hapa chini ili na wengine wanufaike. Na we unayesoma hapo kafe, kama nyumbani una mdogo wako ambaye hakuna anayeuliza habari za shule yake, leo ukirudi uliza.

Naomba kuwasilisha. Muda wangu hapa kafe umebaki dakika mbili.